Waambie Wanashukuru

Erica Ndahani alizaliwa na hasira. Anayesema hivyo ni shangazi yake, Zipora, na Zipora ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, basi tumwamini. Anasema mtoto huyo alipoachishwa ziwa hakulia kama watoto wengine. Alimkazia macho kila aliyemletea uji, kama mtu aliyeibiwa anayemtafuta mwizi wake.

Hasira yake ya kwanza inayokumbukwa ni ya kibao. Shule yao ya msingi iko pembeni kabisa ya Haneti, na enzi hizo mtoto akisikika anaongea Kigogo alivishwa kibao shingoni kwa kamba ya katani, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Erica aliingia darasa la kwanza hana Kiswahili zaidi ya kile cha nyimbo za kanisani. Akiulizwa kama amekula, anajibu kwa lugha ya nyumbani, kibao. Akiomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, kibao. Wenzake walijifunza kunyamaza. Yeye alijifunza Kiswahili kwa ghadhabu, mpaka akawashinda watoto wa mwalimu mkuu, na alipofika sekondari akakifanyia Kiingereza vilevile, kama mtu anayelipiza kisasi.

Sasa, Jumapili moja mwalimu wa watoto kanisani akawafundisha habari za msalaba. Akasema juu ya kichwa cha Bwana palipigiliwa kibao, nacho kiliandikwa kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, ili kila apitaye njiani asome. Erica akanyoosha mkono.

"Na Kigogo?"

"Kigogo hakikuwepo."

"Sisi tulikuwa wapi?"

"Kaa chini, Erica."

Alikaa chini, lakini swali halikukaa. Ndiyo maana alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kimoja pale Dodoma mjini, na ndugu wote wakidhani atasomea uuguzi au uhasibu, yeye alirudi nyumbani kuwaambia kwamba anasoma Kifaransa, na pamoja nacho Kiyunani cha kale.

Baba mdogo mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Hicho Kiyunani, mwanangu, wanaokiongea wako wapi?"

"Walishakufa, baba."

"Ahaa. Na wewe unataka kuongea nao nini?"

Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Aliyecheka zaidi ni Lameck, mtoto wa Zipora, aliyekuwa akipakia magunia ya mahindi kwenye malori kule Kibaigwa na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mtoto wa shangazi kwetu ni mtani. Ana ruhusa ya kukutukana hadharani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Lameck akaitumia ruhusa yake yote siku ile. "Mfaransa wa Haneti! Mtatuona tukipalilia uwele, yeye amesimama kwenye kichuguu anawahubiria kunguru kwa Kiyunani! Mkwe wetu atakuwa maiti!"

"Na wewe punda wa Kibaigwa," Erica akamjibu, "usiponyamaza nitakuandikia tanzia kwa Kifaransa, wasikuzike kwa kutokuelewa."

Hiyo ilikuwa hasira ya kucheka. Hasira ya kweli ilimngoja chuoni.

Darasa la Kiyunani lilijaa wanaume wa kanisani waliojiandaa kuwa wachungaji, na yeye peke yake mwanamke. Siku ya kwanza mmoja alimkabidhi chupa ya chai awapitishie wenzake, akidhani ndiye aliyekuja kuhudumia. Katika Kifaransa kulikuwa na waliosoma shule za mjini tangu utotoni, wenye kuzitamka sawasawa zile sauti za puani za Kifaransa; Erica akifungua kinywa, nyuma kuna mtu anaguna, "Huyo Mgogo kaanza." Alikuwa akirudi bwenini akitupa daftari kitandani, na mwenzake wa chumba, Sabrina, msichana wa Kirangi kutoka Kondoa, anamtazama tu huku akisuka nywele.

"Leo nani tena?"

"Wote."

"Haya, wakasirikie mpaka alfajiri. Mimi naswali, nalala. Lakini shoga, mbona ukikasirika Kifaransa chako kinakaa sawa?"

Na kweli. Ulimi wa Erica ulikuwa mzito akiwa na amani. Akipandwa na hasira ulifunguka kama mlango uliopigwa teke. Mwisho wa mwaka wa kwanza wale wa mjini walikuwa wakija kumwomba awasomeshe, na mwalimu wa Kiyunani, mzee mmoja mchungaji, alimwambia mbele ya darasa kwamba anasoma Injili kama mtu anayesoma barua iliyotoka kwao. Siku hiyo Erica alilia chooni.

Halafu ukaja mwaka wa pili, na fildi.

Kwa wasiojua, fildi ni zile wiki mwanafunzi anazopelekwa kwenye ofisi ya watu kufanya kazi, na bosi wa ofisi ndiye anayempa alama. Akikukatalia, umefeli mwaka. Unarudia, na mkopo wa serikali ukisimama ni juu yako na Mungu wako. Kwa mtoto aliyelelewa na shangazi anayelima uwele, kufeli fildi ni kurudi nyumbani.

Erica aliangukia kwenye shirika moja la maji lenye ofisi njia ya kwenda Msalato. Bosi wake aliitwa Jordan. Si mtu wa kwetu, alikuja na uhamisho, kijana bado, suruali imenyooka, mdomo mtamu. Wafadhili wa shirika walikuwa Wafaransa, kwa hiyo alifurahi sana kumpata msichana anayejua lugha yao na lugha ya vijijini kwa pamoja. Alimwita "Mgogo wangu".

"Mgogo wangu, leta chai. Mgogo wangu, usiniombe hela lakini, nyie nawajua, mmezaliwa mkono mbele."

Erica akinuna, Jordan anacheka. "Ni utani tu!"

Utani! Kana kwamba utani ni pilipili ya mezani, kila apitaye anajinyunyizia. Mtani anajulikana. Mtani ndiye anayekutukana leo na kesho akakuchimbia kaburi na kukubeba. Jordan angembeba nani? Lakini Erica alimeza. Kila jioni alimpigia Sabrina simu, na Sabrina kila jioni alimwambia neno lile lile: "Meza, shoga. Fildi ni dawa chungu, humezwa, haitafunwi."

Wiki ya mwisho wakaja wageni wenyewe, Wafaransa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye nywele nyeupe aliyeitwa Madamu Kolet. Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa tu. Walitaka kuona visima walivyovitolea fedha. Asubuhi magari yalipowashwa ndipo Erica alipojua wanakwenda Haneti, na si Haneti tu, bali kitongoji chao, penye pampu ya mkono iliyowekwa jirani na nyumba ya shangazi yake.

Akamsogelea Jordan. "Bosi, ile pampu ilishakufa. Msimu wa pili huu haitoi tone."

"Najua."

"Watu wamerudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Bosi, kuna mtoto..."

"Mgogo wangu, sikiliza." Alimshika bega, kama baba. "Wageni hawana muda. Picha kwenye kibao, ngoma kidogo, chakula, tunageuza. Kazi yako ni moja. Mtu yeyote akisema chochote, waambie wanashukuru. Alama zako ninazo mimi, na mimi nakupenda. Usiniharibie siku."

Njia nzima Erica alitazama nje. Alijua kilichomngoja. Gladness, mtoto wa darasa la sita, nyumba ya tatu kutoka kwa Zipora, alikuwa ameshuka korongoni na ndoo yake wakati wa kiangazi. Shimo la maji lilikuwa limeshachimbwa na wengi mpaka likawa refu kuliko mtu mzima. Mchanga ukamwangukia. Walipomtoa, kata ya kuchotea ilikuwa bado mkononi mwake. Erica alikuwa chuoni wakati huo, akifanya mtihani wa Kifaransa, na habari alipewa kwa simu.

Wakafika. "Mbukwenyi!" wanawake wakawapokea, na wageni wakajaribu kuitikia, watu wakacheka kwa furaha. Wakapelekwa kwenye pampu. Mbele yake palisimama kibao kikubwa cha bati, rangi ya bluu, maandishi ya Kiingereza juu na Kifaransa chini. Kilisema maji haya safi ni ya kizazi hiki na vijavyo. Hakuna mtu wa pale aliyewahi kujua kimesema nini. Mbuzi walikuwa wakijikuna nacho. Wageni wakapigwa picha. Madamu Kolet akanyoosha mkono kwenye mpini wa pampu.

"Mwambie mchana tunaipumzisha, ili maji yajae," Jordan akasema haraka.

Erica akasema. Madamu akarudisha mkono, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa amelala. Na zile sauti za puani, alizozifanyia kazi miaka miwili, zilimtoka Erica sawasawa kabisa, akajichukia.

Zikapigwa ngoma za Muheme, zile za wanawake wa Kigogo. Hapo Zipora ndiye mwenyewe. Mwanamke ameshapita miaka sitini, anaibana ngoma katikati ya mapaja, anaipiga mpaka vumbi linainuka peke yake. Halafu chakula: ugali wa uwele, mlenda, kuku wawili waliochinjwa kwa ajili ya wageni. Jordan alikula haraka, akapangusa mikono, akasimama. Kwa hesabu zake shughuli imekwisha.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu hakuwahi kukaa na watu anaowafanyia kazi. Mgeni wetu haambiwi shida na njaa. Hupokewa, huchezewa, hulishwa, na akishashiba ndipo hukaa akasikiliza. Ile ngoma yote na wale kuku wote vilikuwa ni kufungua mlango tu. Zipora akasema, "Keti, mwanangu. Wageni wameshiba, sasa tuzungumze," na mwanamke mmoja akainuka kutoka kwenye mkeka. Alikuwa mama yake Gladness.

Alisema kwa Kigogo, polepole, mikono ameifumba mbele. Aliwashukuru wageni kwa kuja. Akasema siku pampu ilipowekwa Gladness ndiye mtoto wa kwanza kunywa, kuna picha yake, huenda wageni wanayo huko kwao. Akasema pampu ilipokufa walikwenda ofisini wakaambiwa wasubiri. Akasema mtoto alikuwa akipenda kuwahi maji ili awahi shule. Akaeleza habari ya shimo. Akaeleza habari ya kata mkononi. Hakulia. Akasema, "Sikuja kumlaumu mtu. Nataka tu hawa wazazi waliotupatia maji wajue kwamba maji hayapo, na mtoto hayupo." Kisha akamtazama Erica amfikishie.

Wageni nao wakamtazama Erica. Jordan akamwinamia sikioni. "Waambie wanashukuru. Fupi."

Jamani. Tusimhukumu upesi. Alikuwa na miaka miwili ya chuo nyuma yake na shangazi mwenye shamba la mawe mbele yake. Alifungua kinywa, akasema kwa Kifaransa kwamba mama huyu anashukuru sana kwa maji.

Na wale wageni, wasiojua, wenye moyo mzuri, wakapiga makofi.

Walimpigia makofi mama wa marehemu. Madamu Kolet alitabasamu, akaweka mkono kifuani, akamwambia yule mama, "Mersi, mersi." Mama Gladness alisimama pale makofi yakimwangukia kama mchanga. Hakuelewa. Aligeuka huku na huku akitafuta ni kipi alichosema cha kufurahisha.

Zipora akaichukua ngoma yake, akaigeuza, akailaza uso chini kwenye vumbi. Wanawake wengine wakafanya hivyo hivyo, mmoja mmoja, bila kuambiana. Ngoma ikilazwa kifudifudi maana yake hapa hapana tena mgeni wala mwenyeji. Zipora hakumtazama Jordan. Alimtazama Erica.

Aliyesema ni Lameck. Alikuwa amekuja kubeba viti vya kanisa, na kimoja kilikuwa bado begani. Alicheka, cheko kavu, la mtani mwenye ruhusa yake.

"Mfaransa wa Haneti! Kumbe huko chuoni mnafundishwa kupigisha watu makofi msibani! Hongera, binamu. Tuandikie na sisi tanzia zetu, tukifa wazungu wacheze."

Hasira ikampanda Erica, ile ile ya kibao cha kamba ya katani, ya chupa ya chai, ya "Mgogo wangu". Wanasema hasira hasara, na huenda ni kweli. Lakini yako mambo ambayo mtu asiyeyakasirikia, huyo ndiye aliyekula hasara, na ameshakula nafsi yake pamoja nayo.

Akasimama.

"Madamu," akasema kwa Kifaransa, "nimekudanganya. Huyu mama hakushukuru. Sikiliza alichosema."

Akaanza mwanzo. Hakuruka neno. Pampu haipumziki, imekufa, na walipokwenda ofisini waliambiwa wasubiri. Picha ya mtoto wa kwanza kunywa. Shimo. Kata. Ulimi wake haukujikwaa hata mara moja. Maneno aliyoyasoma vitabuni bila kujua atayatumia wapi yalikuja yenyewe na kujipanga. Madamu alitoa miwani. Mwenzake mmoja akainuka, akaenda kwenye pampu, akaushika mpini, akausukuma juu na chini. Chuma kikalia kitupu.

"Erica, kaa chini," Jordan akasema.

Hakukaa.

"Nimesema kaa chini!"

"Nilishakaa sana," akamjibu kwa Kiswahili, ili asikie kila mtu. Akageuka, akamweleza mama Gladness kwa Kigogo kwamba yale makofi yalikuwa kosa lake yeye, si la wageni, na kwamba sasa maneno yake yamefika. Akapiga magoti kumwomba radhi. Mama Gladness akamwinua, akasema neno moja tu: "Yote?"

"Yote, mama."

Madamu Kolet alilia. Alimkumbatia yule mama, akaahidi, na Erica akatafsiri ahadi. Halafu magari yakawashwa. Erica alipofika mlangoni mwa gari, Jordan alikuwa ameshakaa, kioo kimepandishwa nusu. "Kwenu si hapa? Basi umefika. Fildi yako imeishia hapa." Vumbi likamfunika yeye, kuku na ngoma zilizolala.

Alifeli. Mzee mchungaji wa Kiyunani alikwenda kumtetea ofisi hadi ofisi, akaambiwa utaratibu ni utaratibu. Mwaka ule Erica aliurudia, na miezi aliyokaa akingoja alilima na shangazi yake mchana, akasoma Kiyunani kivulini, na Lameck akipita hamwiti tena Mfaransa. Anamwita Mchungaji wa Kunguru, na humletea mafuta ya taa ya kusomea.

Kuhusu pampu, baada ya mvua za kwanza gari la shirika lilirudi kweli. Wanawake walikimbia na ndoo. Mafundi wawili wakashuka na nyundo na koleo, hawakuigusa pampu. Waling'oa kibao. Walikikunja, wakakitupa nyuma ya gari, wakaondoka. Machozi ya Madamu hayakuwa yametoa tone la maji, ila kuna mahali, ofisi fulani, kibao kile kilikuwa kimeanza kumsumbua mtu.

Yalibaki mashimo mawili ya nguzo. Erica aliyatazama kwa siku kadhaa. Halafu akamtuma Lameck alete mbao na rangi. Kilipokamilika walikisimamisha katika mashimo yale yale, kikitazama barabara, na kimeandikwa mara tatu: Kigogo juu kabisa, chini yake Kiswahili, chini yake Kifaransa. *Hapa hapana maji. Gladness alikufa akiyatafuta.* Siku hiyo mama Gladness alikaa mbele yake kutwa nzima. Hajui kusoma, lakini alimwomba kila aliyepita amsomee ule mstari wa kwanza, na kila mara aliitikia kwa kichwa.

Haukupita muda mrefu, mwenyekiti wa kijiji akamtuma mgambo. Kibao kinaaibisha kijiji, alisema mgambo, wakubwa wanapita njia hii, kiondolewe leo kabla ya jua kuzama. Erica alikwishafungua kinywa, na uso wake ulikuwa umeshabadilika. Shangazi yake akamgusa mkono.

Zipora alikuwa ameketi juu ya ngoma yake, anachambua mlenda. Hakuinua hata macho.

"Mwambie tunashukuru," akasema.